Jina la Mlezi Liandikwe

Msaada wa Serikali kwa nyumba yenye mtu asiyejiweza, na jinsi ya kuutafuta katika Kisii na Nyamira

Ndugu mkulima, wewe uliye Nyansiongo, Esise au Mekenene wajua vizuri faida ya kuandika. Maziwa yapelekwayo asubuhi huandikwa. Majani ya chai hupimwa kituoni na kilo zake huandikwa. Ng'ombe akipandishwa, tarehe huandikwa. Hata mkopo wa shamba uliandikwa, tangu wakati ule mashamba ya Borabu yalipokatwa katika nchi ya walowezi wa Sotik, miaka ya 1960. Mzee aliyelipa na kutunza stakabadhi zake alikuwa na neno la kusema siku ya kudaiwa. Yule asiyekuwa na karatasi alibaki kuapa tu.

Lakini iko kazi moja nyumbani ambayo haijaandikwa katika daftari lolote. Ni kazi ya kumtunza mtu asiyejiweza. Labda ni mama mzee aliyepooza upande mmoja. Labda ni mtoto ambaye ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa, naye sasa ana miaka 12 na bado hulishwa kwa kijiko. Labda ni kijana aliyeanguka na pikipiki akavunjika uti wa mgongo. Mtu huyo huamshwa, huogeshwa, hubadilishwa nguo, hulishwa, na hugeuzwa kitandani ili asipate vidonda. Usiku mtu hulala akimsikiliza.

Yule afanyaye kazi hiyo ndiye mlezi. Katika nyumba nyingi za kwetu mlezi ni mwanamke. Ni mke wa kitinda mimba aliyebaki na wakwe zake, au binti aliyeacha kazi mjini akarudi, au nyanya anayemlea mjukuu. Wako wanaume pia, na wastahili sifa ile ile.

Makala haya yataka kukuambia neno moja. Iko fedha ya Serikali kwa ajili ya nyumba maskini yenye mtu wa namna hii, nayo hupitia mikononi mwa mlezi. Basi jina la mlezi wa kweli liandikwe, tena liandikwe mapema.

KAZI HII INA UZITO GANI?

Watu wengine husema, "Mama yuko nyumbani tu, hana kazi." Neno hilo si kweli, na Serikali yenyewe imelipima. Mwaka 2021 Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) liliwauliza watu nchini Kenya jinsi wanavyotumia saa za siku. Ilionekana kwamba mwanamke hutumia kama saa nne na nusu kila siku katika kazi za nyumbani na za kutunza watu bila malipo. Mwanamume hutumia chini ya saa moja. Hizo ni saa za nyumba ya kawaida. Nyumba yenye mtu asiyejiweza huzidi hapo.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mama anamhudumia mgonjwa saa sita kwa siku. Katika mwezi wa siku 30 hizo ni saa 180. Saa hizo hazikwenda kwenye chai, wala kwenye kupalilia mahindi, wala sokoni. Ukitaka kujua thamani yake, jaribu kumwandika mtu wa kibarua afanye kazi hiyo mwezi mzima, mchana na usiku, kisha umwulize bei yake.

FEDHA GANI ZIPO?

Kwanza uelewe vizuri ili usidanganywe. Katika Kenya hakuna mshahara wa Serikali wa kumlipa mlezi kwa kazi yake. Kilichopo ni msaada wa fedha uitwao Inua Jamii, ulio chini ya Wizara ya Kazi na Ulinzi wa Jamii. Msaada huu una matawi, na matatu yatuhusu sisi.

Tawi la kwanza ni la mayatima na watoto walio katika hali ya hatari. Lilianza kwa majaribio mwaka 2004, wakati ukimwi ulipokuwa umeacha watoto wengi mikononi mwa nyanya zao. Fedha hupewa nyumba inayowalea.

Tawi la pili ni la wazee. Lilianza mwaka 2007 katika wilaya chache. Tangu mwaka 2018 limewalenga wazee wote waliofika miaka 70 ambao hawapati pensheni.

Tawi la tatu ni la watu wenye ulemavu mkali. Ndilo lililo karibu zaidi na mlezi. Lilianza mwaka 2011 na nyumba 10 tu katika kila eneo la Bunge. Wakati huo maeneo yalikuwa 210, kwa hiyo zilikuwa nyumba 2,100 katika Kenya nzima. Baadaye ziliongezeka, na kwa miaka mingi zilikaa kwenye nyumba 47,000 hivi.

Kiasi cha fedha ni Sh. 2,000 kwa mwezi, yaani Sh. 24,000 kwa mwaka. Ukizigawanya Sh. 2,000 kwa zile saa 180 utapata kama Sh. 11 kwa saa. Basi usiziite mshahara. Hata hivyo, mwenye kununua sabuni, uji, dawa na nepi za mtu mzima ajua kwamba Sh. 2,000 zinazofika si sawa na kukosa kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena fedha hizi si hisani ya chifu wala ya mjumbe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawasaidia wale wasioweza kujitegemea pamoja na wanaowategemea. Kwa hiyo uendapo ofisini, nenda kwa adabu, lakini usiende kama mwombaji wa njiani.

JINA LA NANI LIANDIKWE?

Hapa ndipo nyumba nyingi hupotea. Mtu mwenye ulemavu mkali mara nyingi hawezi kwenda benki, wala kuweka sahihi, wala kushika fedha. Kwa sababu hiyo daftari huwa na majina mawili: jina la mwenye ulemavu, na jina la mlezi atakayepokea fedha kwa niaba yake. Mlezi apokea, lakini fedha ni za kumtunza yule mgonjwa na nyumba yake.

Sasa siku ya kuandikishwa bwana wa nyumba husema, "Shamba ni langu, jina langu ndilo liandikwe." Kumbe yeye afanya kazi Nairobi, au Kericho, na huja nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Fedha zikilipwa yeye yuko mbali. Mama abaki na mgonjwa asiye na sabuni. Au jina la mwana mkubwa huandikwa kwa sababu amesoma, na mke wa mdogo wake ndiye anayebeba maji na kufua.

Bwana, usione kwamba heshima yako imepungua mkeo akiandikwa. Kichwa cha nyumba ni wewe, lakini mikono inayomgeuza mgonjwa ni yake. Ukimpelekea fundi vifaa vya kujenga, huvikabidhi kwa mtu aliye mbali. Wavikabidhi kwa yule aliye kazini.

Neno hili si la Kisii peke yake. Huko Uingereza, ambako vijana wengi wa kwetu wamekwenda kufanya kazi ya kutunza wazee, Serikali ilianza mwaka 1976 kumlipa posho mtu aliyeacha kazi ili amtunze mgonjwa wake. Hadi leo posho ya namna hiyo yatolewa England kwa anayetunza saa 35 kwa wiki au zaidi. Lakini sheria ya posho hiyo iliwakataa wanawake walioolewa. Ilidhani kwamba mke wa mtu yuko nyumbani kwa vyovyote, basi kwa nini alipwe? Mama mmoja, Jacqueline Drake, alikuwa ameacha kazi yake ili amtunze mama yake mzazi. Aliomba posho akakataliwa kwa sababu ana mume. Alishtaki. Mwezi wa Juni 1986 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba kumkataa kwa sababu hiyo ni ubaguzi, na Serikali ya Uingereza ikabadili sheria yake. Tangu hapo wake za watu pia waliweza kuomba.

Miaka 10 ilipita kabla nchi tajiri kukubali kwamba kazi ya mke nyumbani ni kazi. Sisi hatuhitaji kungoja mahakama. Sheria yetu haimkatazi mke kuandikwa. Kinachomzuia mara nyingi ni shauri la jikoni na sebuleni, nalo waweza kulimaliza jioni moja.

NANI ANASTAHILI?

Kwa tawi la ulemavu mkali maafisa hutazama hasa mambo matatu.

Kwanza, ulemavu uwe mkali. Maana yake ni kwamba mtu huyo hawezi kukaa bila mwingine wa kumwangalia wakati wote: kumlisha, kumpeleka chooni, kumlinda asijidhuru. Mtu mwenye mguu mmoja anayelima na kujipikia ana ulemavu, lakini si ulemavu mkali kwa ajili ya msaada huu.

Pili, nyumba iwe maskini. Nyumba yenye mtu wa mshahara au mwenye pensheni huachwa nyuma ya zile zisizo na kitu.

Tatu, nyumba isiwe inapata tayari msaada mwingine wa namna hiyo hiyo. Ikiwa katika boma moja kuna mzee wa miaka 75 na pia mtoto mwenye ulemavu mkali, wataje wote wawili unapoandikishwa. Usijikatie shauri mwenyewe. Kazi ya afisa ni kuamua, na kazi yako ni kueleza yote.

SHAMBA LENYE JINA LA BABU

Mkulima wa skimu ana shida yake ambayo mtu wa mjini hana. Afisa akisikia "shamba la Borabu" hufikiri ekari nyingi, chai, na ng'ombe wa gredi. Hati ya shamba nayo bado ina jina la babu, na ekari zote zimeandikwa hapo. Lakini babu alikuwa na wana watano, na kila mwana ana wanawe. Sehemu unayolima wewe labda ni ekari moja, au robo tatu, na ndani yake kuna nyumba, boma la ng'ombe na makaburi.

Basi utakapoulizwa, sema sehemu unayolima na kula wewe, wala si shamba zima la ukoo. Eleza nani analima sehemu nyingine. Kama ugawaji ulifanywa mbele ya wazee, mwombe mzee wa kijiji awe shahidi. Watakuuliza pia juu ya kuta za nyumba, paa, maji, kuni, mifugo, na nani anayeleta fedha. Jibu kila neno kama lilivyo. Ng'ombe usimfiche kwa jirani, kwa maana watu wa kijiji chako watamsikia akilia. Majina husomwa mbele ya watu katika baraza, na mwongo hufutwa hadharani. Aibu yake hukaa kuliko fedha.

Na wewe uliyebarikiwa, mwenye chai ya kutosha na mtoto wa mshahara, fedha hizi mwachie jirani. Lakini bado mwandikishe mgonjwa wako kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na kazi yake ilianza mwaka 2004. Baraza hilo lina mfuko wa kusaidia vifaa kama viti vya magurudumu, na karo za shule. Tena mwenye ulemavu anayepata mshahara aweza kuomba asitozwe kodi ya mapato kwa Sh. 150,000 za kwanza za kila mwezi. Msaada wa Inua Jamii ni wa maskini, lakini kadi ya Baraza si ya maskini tu.

MAMBO YA KUFANYA

Fuata mambo haya moja baada ya jingine. Usiruke.

1. Tafuta karatasi. Mlezi awe na kitambulisho cha taifa. Mgonjwa aliye mtu mzima naye awe na kitambulisho, na mtoto awe na cheti cha kuzaliwa. Wengi hukwama hapa, kwa maana mtoto mwenye ulemavu alizaliwa nyumbani na hakuandikishwa, au mtu mzima asiyeweza kutembea hakupelekwa kupiga picha ya kitambulisho. Mwambie chifu msaidizi mapema, umwulize siku ambayo watu wa kuandikisha vitambulisho watafika karibu.

2. Mpeleke mgonjwa akapimwe ulemavu. Kwa watu wa Nyamira na Borabu hospitali kubwa ni ile ya rufaa ya Nyamira. Kwa watu wa Kisii ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Kabla ya kukodi gari, uliza siku ya kupima ulemavu, maana si kila siku. Chukua karatasi zote za zamani za hospitali. Daktari akiuliza, usiseme tu "ni mgonjwa". Sema mambo asiyoweza: hawezi kukaa, hawezi kula mwenyewe, hajui hatari ya moto, haendi chooni peke yake. Hayo ndiyo yanayoonyesha kiasi cha ulemavu.

3. Mwandikishe kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Siku hizi kazi hii hufanywa pia kwa njia ya eCitizen. Kama simu yakushinda, mwombe kijana aliyesoma, au nenda kituo cha Huduma. Weka nakala ya kila karatasi nyumbani, mahali pasipovuja.

4. Nenda kwa chifu na kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii wa kaunti ndogo yako. Mwambie kwamba una mtu mwenye ulemavu mkali na wataka aingizwe katika daftari la Inua Jamii wakati daftari litakapofunguliwa. Kama jambo ni la mayatima, muone pia Afisa wa Watoto. Andika tarehe uliyokwenda na jina la ofisi.

5. Hudhuria baraza. Habari za kuandikisha hutangazwa huko, na majina husomwa huko. Mlezi asiyeweza kumwacha mgonjwa amtume mtu mwaminifu wa nyumbani akasikilize, tena mtu huyo amtaje mlezi kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Herufi moja ikikosewa huweza kuzuia malipo.

6. Usitoe fedha. Kuandikishwa hakuna ada. Mtu akikuomba "kitu kidogo" ili jina lako lipite, kataa, kisha upeleke habari kwa Afisa wa kaunti ndogo. Akikataa kukusikiliza, iko Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa mwaka 2011 kusikiliza malalamiko ya raia juu ya ofisi za Serikali.

KUNGOJA, NA JINSI YA KUNGOJA

Hatutaki kukudanganya. Kuandikishwa si kulipwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu nchini Kenya. Si wote wenye ulemavu mkali, lakini ukilinganisha na zile nyumba 47,000 waona mwenyewe kwamba wengi waliachwa nje. Serikali haifungui daftari kila mwezi. Hulifungua kwa vipindi, kwa kadiri ya fedha zilizotengwa na Bunge. Pengine miaka hupita kati ya kipindi na kipindi.

Ndiyo sababu twasema mapema. Daftari likifunguliwa, muda huwa mfupi. Tuseme kuna walezi wawili katika kijiji kimoja. Wa kwanza ana kitambulisho, cheti cha mtoto, na karatasi ya daktari ndani ya mfuko mmoja. Wa pili ana shida kubwa zaidi, lakini cheti hana, na hospitali hajaenda. Watu wa kuandikisha wakifika, wa kwanza huandikwa asubuhi ile. Wa pili huambiwa alete karatasi, na akizipata, daftari limefungwa. Hakuna aliyemwonea. Mvua imenyesha, naye hakuwa ametayarisha shamba.

Ukikosa safari ya kwanza, usikasirike ukaacha. Uliza sababu. Kama jina liliachwa kwa makosa, peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Mwaka ukifuata uliza tena.

FEDHA ZIKIFIKA

Malipo huja kwa njia ambayo Wizara imetangaza kwa wakati huo. Miaka ya nyuma yalipitia Posta, baadaye benki. Yamewahi kuchelewa miezi kadhaa na kulipwa pamoja. Kwa hiyo usikope dukani kwa kutegemea tarehe fulani.

Namba ya siri ya mlezi ni ya mlezi peke yake. Usimpe mwenye duka, wala wakala, wala mtoto wa jirani. Kila unapopokea, andika katika kitabu kidogo tarehe na kiasi. Tena mweleze bwana na wakwe kile ulichonunua. Mlezi anayeonyesha hesabu yake hanenwi vibaya.

Mlezi akiugua, akihama, au akifariki, chifu na Afisa wapewe habari upesi ili jina la mlezi mpya liandikwe. Vivyo hivyo, mgonjwa akifariki, habari itolewe. Twajua ni neno zito kulisema wakati wa msiba. Lakini kupokea fedha za marehemu ni kosa, na nafasi yake hungojwa na mtu mwingine aliye kitandani katika kijiji kingine.

Na ndugu wengine wasifikiri kwamba sasa mzigo umetuliwa. Sh. 2,000 hazimpi mama usingizi. Wana wa nyumba wapeane zamu: mmoja alete kuni, mmoja amlinde mgonjwa siku ya soko, mmoja aje Jumapili amgeuze na kumwogesha. Bwana naye aweza kujifunza kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo. Kazi hiyo yataka nguvu, naye ana nguvu.

USIMFICHE MGONJWA

Jambo la mwisho ndilo gumu. Ziko nyumba ambazo mtoto mwenye ulemavu hukaa katika chumba cha nyuma, na mgeni akija mlango hufungwa. Watu wa nyumba huona aibu, au huogopa maneno. Mtu aliyefichwa hahesabiwi, hapimwi, wala haandikwi. Aliyemficha kwa ajili ya aibu amemnyima haki yake pamoja na haki ya mama yake.

Wazee nao wana hatari yao. Mzee aweza kupatwa na ugonjwa wa ubongo unaomfanya asahau majina, azunguke usiku, aingie boma la mwingine bila kujua, aongee peke yake. Huo ni ugonjwa, nao hupatikana katika kila nchi duniani. Sisi watu wa Kisii twajua yanayoweza kutokea ugonjwa huo unapoitwa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi, na mkubwa wao alikuwa na miaka zaidi ya 80. Mzee anayesahau apelekwe hospitali. Karatasi ya daktari isemayo jina la ugonjwa wake yaweza kumpatia msaada, na pia yaweza kuwanyamazisha wenye ndimi kali. Mlezi wake asiachwe akisemwa peke yake. Wazee wa kijiji wasimame naye.

Basi, ndugu mkulima, juma hili kaeni nyumbani mshauriane, bwana na bibi na wazee. Jiulizeni: katika boma letu, ni nani anayeamka usiku kwa ajili ya mgonjwa? Jina lake kamili ni lipi? Kitambulisho chake kiko wapi? Mkisha kujibu maswali hayo matatu, mmekwisha kuanza. Juma lijalo muoneni chifu msaidizi na kuuliza siku ya hospitali. Tena ukimwona jirani asiyejua kusoma ambaye ana mtu kitandani, msomee makala haya, umsaidie kupanga karatasi zake. Mwaka huu huenda ukawa wake, na mwaka ujao huenda ukawa wako.